Seva ya Muhanga Haizimiki

Saa moja asubuhi ya Jumanne, tovuti ya Kanga iligoma kufunguka. Wanyama huisoma kujua Chatu amelala wapi, kabla hawajatoka na watoto.

Seva ni ya Muhanga, na kila mnyama amepanga sehemu yake humo. Asubuhi hiyo mpangaji mwingine, Nyani, aliweka picha za makalio yake baada ya kuyapaka mafuta. Bonde zima likakimbilia kutazama, seva ikaelemewa.

Kanga akamfuata Muhanga.

"Mzee, tovuti yangu haiko hewani."

"Seva haijazimika, mama. Isikilize inavyonguruma."

"Inanguruma, lakini anayenitafuta hanipati. Duka ambalo mlango wake umezibwa na makalio ya jirani, nalo utasema liko wazi?"

"Niliahidi mtambo utawaka, na unawaka. Nyani akipata wageni, nimfukuze?"

"Basi nikwambie kwa mdomo. Chatu leo..."

"Habari za Chatu ziweke kwenye tovuti, nitazisoma kama wenzangu. Nimekesha, naenda kulala."

Kanga hana desturi ya kumbembeleza msikilizaji. Akaenda zake.

Muhanga akafungua simu, akaitafuta tovuti ya Kanga, asione kitu. Akasema kimya ni dalili ya heri, akaingia shimoni kwake.

Saa nne watazamaji wa Nyani walichoka, na tovuti ya Kanga ikafunguka. Ilikuwa na habari moja: Chatu amelala shimoni kwa Muhanga.

Alasiri Chatu alitoka taratibu, tumbo limemvimba, akajinyoosha juani.