Wimbo wa Kisimani

Katika filamu ile ya Kitamil, Alamelu aliimba wimbo mmoja tu, akiwa amesimama kisimani. Homa ikamuua kabla filamu haijaonyeshwa. Filamu ilipofika mjini kwao, mama yake, Sivakami, alikwenda sinema kumsikia. Kisima alikiona, lakini mwanawe hakutokea.

Alipanda ngazi kumfuata mwendesha mashine ya filamu chumbani kwake.

“Baba, wimbo wa kisimani uko wapi?”

“Tumeukata, mama. Nyimbo zilizidi, watu wakawa wanatoka.”

“Aliyeimba ni mwanangu. Siku hizi sauti yake inanipotea.”

 Mkanda wenye wimbo ulikuwa umeshachomwa moto. Yule bwana alipekua takataka, akapata kipande cha filamu kisichozidi kiganja, akampa. Sivakami alikiinua kwenye mwanga wa dirisha. Alamelu alikuwamo, mdogo kama punje, kinywa wazi.

“Na sauti?”

“Ni hiyo mistari ya pembeni, mashine huigeuza kuwa sauti. Lakini hapo hapatoshi hata neno moja.”

Sivakami alishuka, akakaa kwenye ngazi. Akapitisha ukucha polepole juu ya mistari ile, ameinamisha sikio.