Mashine Isiyojua Majina

François alichomoa waya ukutani kabla hata hajasalimia. Kompyuta iliyokuwa juu ya rafu, kati ya makopo ya mafuta ya nywele na pakiti za rasta, iliendelea kuwaka kana kwamba hakuna aliyeigusa.

"Ina betri," Héritière alisema, vidole vyake vikiendelea kusuka. "Huku umeme unakatika ovyo, Papa François. Nani angeweka mashine bila betri?"

Mteja aliyesukwa nusu kichwa aliiona sura ya mwanamume yule kwenye kioo, akakumbuka ghafla kwamba ana njaa, akatoka. Saluni ile ya Mtaa wa Jules, kitongoji cha Malvern, ikabaki na watu watatu: Héritière mwenyewe, François, na Mama Célestine, mama mzazi wa François, aliyeingia nyuma ya mwanawe na kujitupa kwenye kiti bila kukaribishwa.

"Bibi yangu Benita iko wapi?" François aliuliza.

"Sijui."

Hakudanganya. Benita, mke wa François, alitoroka mwezi wa Machi, mtoto mgongoni na mkono kwenye plasta, na tangu siku hiyo Héritière alijikataza kuuliza alikojificha. Malvern yote ilijua ni nani aliyeuvunja mkono ule. Ilijua, na bado kila Jumapili ilimwachia François kipaza sauti kanisani asome matoleo. Naye Mama Célestine alikuwa amesimama mbele ya kanisa hilohilo akamwita mkwe wake mwizi wa mtoto, na watu wakaitikia amina.

Kusoma matoleo ndiyo iliyokuwa fahari ya François. Kanisani kwao anayetoa hutajwa jina, hutajwa na kiasi, halafu hupigiwa makofi. Pesa isiyo na jina haikumwingia akilini kabisa.

"Kuna mutu anamulipia kodi," alisema. "Kwa ile sarafu ya kujificha, ya mtandaoni. Na hapa Jules ni wewe tu uko na hii mashine. Ni wewe unatuma?"

"Ningekuwa na pesa ningetuma. Tena ningekuambia usoni."

"Basi fungua. Nionyeshe majina. Nikimupata mwenye kutuma, Benita nimemupata."

Héritière aliweka kitana chini. Hasira ya kuogopa ndani ya saluni yake mwenyewe iliizidi hofu.

"Hii ni nodi, kituo kimoja tu cha kupitishia sarafu hiyo," alisema. "Mtu akituma, saini yake inachanganywa na za wengine kumi na tano. Ni kama mikono kumi na sita imeingia kwenye kapu la sadaka kwa mara moja. Unajua sadaka imeanguka, hujui imetoka mkono gani. Kiasi kimefichwa. Anayepokea hutengenezewa anwani mpya kila mara. Mashine yangu inahakikisha tu kwamba pesa ni ya kweli na haijatumika mara mbili, kisha inapitisha. Majina haina. Haikupewa, nayo haikuuliza."

"Lakini watu wanapitia kwako."

"Wanapitia. Anwani ya nodi nimeibandika pale kwenye kioo, chini ya bei za kusuka. Anayetaka anaiweka kwenye simu yake, awe hapa Malvern, awe mbali kule Midrand. Siwajui na sitaki kuwajua."

François alimgeukia mama yake. "Unasikia vile ananichezea, maman?"

"Miye hayo ya simu unaniuliza nini?" Mama Célestine alijibu. "Hata ujumbe wa sauti siwezi kutuma, ni wewe njo unanitumiaga."

Basi François akapiga hatua mbele, mkono juu. Héritière hakurudi nyuma. Alijua kwamba akirudi hatua moja leo, kesho kila mwanamume aliyekimbiwa na mkewe atakuja kuuliza mahali hapahapa.

"Piga," alisema. "Mimi sina pa kutorokea. Saluni ni yangu, na kesho utanikuta, nitasuka hata kwa meno."

"François," Mama Célestine aliita, amekwisha kusimama katikati yao. "Unabishana na shetani ya nini? Beba hiyo mashine twende. Mashine ikiondoka, pesa nayo itakauka, na bibi yako atarudi mwenyewe na njaa yake."

Mkono ukashuka. François aliipenda hoja hiyo, maana alikuja kuondoka na kitu. Akaing'oa kompyuta rafuni, ikiwa bado inawaka.

"Beba," Héritière alimwambia. "Ziko maelfu kama hiyo duniani. Utazibeba zote?"

Aliwageukia wote wawili, mtoto na mzazi, akamchagua mzazi. "Mchelea mwana kulia, hulia yeye, Mama."

François alitoka amekumbatia kompyuta, akavuka barabara kwenda kwenye gari lake. Mama yake hakumfuata. Alisimama kwenye mlango ulio wazi, akavuta pumzi, akapaza sauti mpaka wauza viatu wa jirani wakageuka.

"Mvunja nyumba za watu wewe! Mungu akuone! Utazeeka bila mume!"

Héritière alikuwa na jibu mdomoni, tena chungu, mtu mzima au si mtu mzima. Lakini mama yule aliangalia kwanza ng'ambo, ambako mwanawe alikuwa anahangaika na buti la gari. Kisha akasogea karibu kabisa, akashusha sauti.

"Uko na nodi ingine, binti yangu? Kodi ya Benita ni Ijumaa, na simu yangu ilikuwa imezoea kutuma kupitia hii yako."