Nati za Tairi la Mbele

"Nani kakufundisha kutupa nati mchangani?"

Jamaa aliyechuchumaa kando ya gari la Omari alishtuka hadi spana ikamponyoka. Nyuma yake alisimama Bi Mwanajuma, kanga kiunoni, subira imemwisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Okota hizo, uzifute moja moja. Zikiingia mchanga zitaharibika meno."

Bi Mwanajuma hakuwa na mchezo siku hiyo. Alfajiri, Hafsa, bintiye wa pekee, alijifungua salama kule Sikonge, na Omari, mdogo wake Bi Mwanajuma, aliahidi kumpeleka mama huyo akitoka tu kwenye swala ya Ijumaa. Kapu lilikwishafungwa tangu saa nne: unga wa ulezi, samli, kanga mpya. Sasa anatoka nje, gari liko juu ya jeki na tairi la mbele halina hata nati moja! Roho ilimuuma. Mafundi wenyewe wa Omari ndio hawa?

Marehemu mumewe alikuwa akitengeneza gari lake mwenyewe uani, na kwa miaka ishirini yeye ndiye aliyemshikia spana. Fundi wa kubahatisha alimjua kwa kumtazama tu. Huyu hata ovaroli hakuwa nayo. Afadhali alikumbuka kuweka matofali karibu, jeki isije ikateleza.

"Zianze kwa vidole mpaka zigome. Haya, sasa spana. Siyo nati iliyo jirani yake! Ruka, kaza inayotazamana nayo."

Jamaa alitii. Jasho lilimtiririka, na kila mara alitupa jicho barabarani. Alipotaka kuinuka, Bi Mwanajuma alimkandamiza bega.

"Unakwenda wapi? Shusha jeki, umalizie kukaza tairi likiwa chini. Kisha uzunguke na yale matatu. Mimi naenda kumwona mjukuu wangu, sitaki kulala porini."

Akazunguka. Na kweli, nati za tairi la nyuma zilikuwa zimelegea zote! Bi Mwanajuma alimshukuru Mungu kwa kutoka nje mapema, akamsimamia mpaka ya mwisho ilipogoma.

Hapo akamwonea huruma. Alimletea maandazi manne ya moto na kumwombea baraka kwenye mikono yake. Jamaa aliyapokea kwa mikono miwili, akabeba jeki na spana, akaondoka mbiombio bila hata kudai ujira. Kumbe adabu bado ipo, aliwaza Bi Mwanajuma.

Haukupita muda, Omari akatokea, kanzu ikipepea.

"Upo tayari, dada?"

"Zamani! Na fundi wako kamaliza, matairi yote manne yamekazwa. Ila siku nyingine tafuta mwingine, huyu hajui kitu."

Omari alisimama, mkono kwenye mlango wa gari.

"Fundi gani, dada? Matairi niliyakaza mwenyewe jana."