Siku ya Kukata Hopsi

Mbele ya majirani waliokuja na miundu, Vlasta alichuma ua moja la hopsi, mmea utambaao unaoipa bia uchungu na harufu yake, akalibinya. Lilikuwa baridi na laini, likabaki limebonyea.

"Bado," alisema.

"Juzi bado, leo bado!" mama mkwe wake alifoka. "Bia ya harusi ya mwanao tuitie majani ya kabichi?"

Kwa miaka arobaini kijiji hiki cha Bohemia kilimsubiri mama huyo aitaje siku. Kisha kiharusi kikamfisha ganzi vidole, na kazi ikamwangukia mkwewe. Ukiwahi kuvuna, bia hunuka nyasi. Ukichelewa, harufu yote imeshakwenda na upepo.

Majirani waliondoka wakinung'unika.

Jua likachoma siku mbili. Asubuhi ya tatu majirani walirudi na miundu yao, na Vlasta alichuma ua jingine, jepesi kama karatasi. Alipolibinya lilichakarika, na alipolegeza vidole likajifutua lenyewe, kama linalovuta pumzi. Akalipasua. Ndani mlikuwa na vumbi la manjano, linalong'aa na kunata, likinukia limau na asali.

Vlasta aliduwaa. Miaka yote alivuna maua haya bila kuyatazama ndani.

Mama mkwe akamshika mkono, akaunusa, akafumba macho.

"Leo, mama?"

"Unaniuliza mimi?" alijibu kwa sauti ya chini. "Sema wewe, wanakusubiri."

Juu yao mihopsi iliyopanda kupita paa ilichakarika yote kwa pamoja. Vlasta alisikiliza mpaka upepo ukatulia.

"Kateni," alisema.