Jina la Chura wa Kalangalala

Kata iligonga ukingo wa mtungi kabla hakujapambazuka. Euphrasia akajua baba mkwe wake naye hajalala. Leo Bwana Herman, yule mzungu wa vyura, anarudi na kitabu.

Mwaka uliopita, katika shimo la dhahabu lililoachwa hapo Kalangalala, mzee alimwonyesha chura mdogo mwenye miguu myekundu. Hakuna kitabu kilichomjua.

"Atachukua jina lako, mzee," mzungu aliahidi.

Mzee alicheka kama kijana. Mwanawe wa pekee, mume wa Euphrasia, alifukiwa mgodini bila kuacha mtoto. Nani mwingine angelibeba jina la mzee?

Siku ya kuondoka, mzee akiwa shambani, mzungu alimwuliza Euphrasia, "Hivi, mzee wetu hasa anaitwa nani?"

Mkamwana hatamki jina la baba mkwe, wala baba mkwe la mkamwana. Akataja jina la kwanza lililomjia: Hatibu, muuza chumvi wa Katoro.

Tangu hapo hakutulia. Asubuhi hii aliunguza uji, akafagia uwanja ambao alikwisha kuufagia.

Mchana mzungu akafika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekonda, Bwana! Huko kwenu hawali?"

Wakacheka. Euphrasia hakucheka.

"Jina limechapwa?" mzee aliuliza.

"Limechapwa, pamoja na maelezo ya umbo lake. Bila hivyo si jina, ni maneno tu."

"Na kama limekosewa?" Euphrasia alidakia.

"Mtu halifuti kwa kupenda, Mama. La kwanza kuchapwa ndilo la dunia nzima, hata sisi tukishakufa."

Euphrasia akapiga magoti. "Baba, nisamehe. Nilishindwa kukutaja. Nikasema Hatibu."

"Hatibu wa chumvi?" Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Inuka, mwanangu. Utaumia magoti."

"La Hatibu nililifuta siku ileile," alisema Bwana Herman. "Nilimkuta mzee njiani, akakataa la kwake. Akanituma kwa katekista, mwenye daftari la ubatizo, nikaulize jina ambalo yeye mwenyewe hawezi kulitamka."

Akafungua kitabu, akasoma polepole: "Chura wa Euphrasia."

Mzee alikuwa amekwisha geuza uso ukutani, kwa heshima.

"Uje tena, Bwana," alisema. "Uje unisomee tena."