Alama ya Kidole cha Baba

Mvua ya mawe ilimaliza mahindi yetu Sirisia, na serikali ikatoa pesa kwa wenye mashamba. Leo chifu amebandika orodha mlangoni pa ofisi yake ili kila mtu ajionee nani alipokea.

"Wewe si ulifika darasa la tano? Tusomee," jirani mmoja aliniambia. "Ama hata karatasi unaionea haya?"

Watu walicheka. Nilisogea mbele, Mama akiwa nyuma yangu. Alitaka kujua kama jina la baba lipo, kwa sababu shamba ni lake.

Baba alienda Kitale kutafuta kazi miaka mitatu iliyopita. Majirani husema alishakufa. Mama bado hung'arisha viatu vyake vya kanisa kila Jumamosi.

Nililiona. Makokha. Alipokea hapa hapa, Jumanne iliyopita. Kando ya jina kulikuwa na alama ya dole gumba kwa wino wa buluu, na mstari mweupe katikati, pale mashine ya kupukuchua mahindi ilipomkata.

Jumanne tulikuwa nyumbani siku nzima. Kutoka hapa hadi kwetu ni dakika kumi kwa miguu.

"Liko?" Mama aliuliza.

"Haliko, Mama."

"Si unaona?" alisema, karibu atabasamu. "Hata serikali inamngoja arudi."

Kisha akainamia karatasi. Mama hajui kusoma, lakini kile kidonda alikifunga yeye mwenyewe, kila asubuhi, mwezi mzima. Kidole chake kilishuka polepole juu ya zile alama za buluu, moja baada ya nyingine, kikasimama.