Kidole Gumba cha Kulia

Daktari alisogeza fomu mezani, akarudia kwa upole. "Mshipa wa fahamu tutakaokupandikiza umetoka kwa marehemu, Eveline. Umesafishwa seli zake zote, umebaki mrija mtupu. Mshipa wako utaota humo ndani, taratibu."

Eveline na mama yake walikuwa wametoka Makongolosi alfajiri kuja Mbeya. Miezi minne iliyopita bati lilimkata mkono wa kulia, juu kidogo ya kiganja, na tangu hapo gumba na vidole viwili vilikufa ganzi. Jumapili, akisonga ugali, alisikia harufu ya nyama inaungua. Alipotazama, ilikuwa ngozi yake. Toka siku hiyo aliogopa kumwogesha mwanawe, asije akamuunguza kwa maji ya moto bila kujua.

"Marehemu gani?" mama aliuliza. "Hana jina?"

"Hatuambiwi, mama. Ndugu zake waliridhia."

"Mwanangu, utalalaje na kitu cha maiti mwilini?"

"Na mshipa usiposhika?" Eveline alimuuliza daktari.

"Inawezekana usishike. Lakini tukizidi kusubiri, mkono utadhoofika kabisa."

"Hata kalamu hawezi kushika," mama alisema haraka, kama aliyepata njia ya kuondoka bila fomu kutiwa sahihi. Daktari akafungua kidau cha wino, akaomba gumba la kushoto.

Eveline alitoa la kulia. Alilichovya, akalibonyeza chini ya jina lake huku amelikodolea macho, maana bila kutazama asingejua kama limefika kwenye karatasi.